Blazing Saddles (1974): uzoefu wangu, na nakala ipi ya kutafuta

Kati ya kauboi zote za kuchekesha nilizoangalia, hii iliyoongozwa na Mel Brooks ndiyo naipa alama za juu kabisa. Sababu yangu ni moja: walioitengeneza walitengeneza kwanza kauboi ya kweli, ndipo wakaanza kuitania. Barabara ya vumbi ipo, baa ipo, kanisa lipo, ofisi ya sherifu na selo yake ipo, na majabali ya California ni yale yale tuliyoyazoea. Ukizima sauti, kuna vipande virefu ambavyo utadhani unaangalia picha ya kawaida ya John Wayne. Utani wake unauma kwa sababu hiyo. Na ndiyo maana nakala unayoipata ina uzito mkubwa. Picha hii ilikatwakatwa sana ilipoingia televisheni, na anayekutana nayo imekatwa hivyo anaona mabaki tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 1874. Reli inayojengwa imekutana na mchanga unaodidimiza, kwa hiyo lazima ipindishwe ipite Rock Ridge, mji mdogo wa wazungu ambao wote wanaitwa Johnson. Hedley Lamarr (Harvey Korman), mwanasheria mkuu wa jimbo, anajua ardhi hiyo itapanda thamani na anataka wenyewe wahame. Anatuma genge la wahuni chini ya Taggart (Slim Pickens) likawatese. Wakazi hawahami, wanaomba sherifu mpya. Hapo Lamarr anamshawishi gavana mpumbavu, anayeigizwa na Brooks mwenyewe, awapelekee Bart, kibarua mweusi wa reli anayesubiri kunyongwa. Hesabu yake ni kwamba wakazi ama watamfukuza ama watamuua, na mji utabaki bila ulinzi. Steringi, yaani Bart, ni Cleavon Little. Msaidizi wake ni Gene Wilder, mlevi aliyewahi kuwa bingwa wa bastola.

Toa vichekesho vyote, kisa hicho bado kinasimama. Adui ana sababu inayoeleweka, steringi yuko kwenye hatari ya kweli, mji una kitu cha kupoteza. Kauboi nyingi za mzaha huanguka hapa: huanza na orodha ya vichekesho, kisha hutafuta kisa cha kuvibeba, na baada ya nusu saa mtazamaji anachoka.

Usiruke wimbo wa mwanzo. Muziki ni wa John Morris, maneno ni ya Brooks, na mwimbaji ni Frankie Laine, sauti ile ile iliyoimba nyimbo za kauboi kama 3:10 to Yuma na Gunfight at the O.K. Corral mwaka 1957. Laine hakuambiwa kwamba picha ni ya mzaha. Akaimba kwa moyo wake wote, na mijeledi inalia katikati ya mistari. Wimbo huo ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, moja ya nafasi tatu ambazo picha ilipata; nyingine mbili zilikuwa uhariri na Madeline Kahn kama mwigizaji msaidizi wa kike. Nawashauri wanaoiangalia mara ya kwanza wausikilize mpaka mwisho, maana kanuni ya picha nzima iko pale: mambo ya kipuuzi yanafanywa na watu wasiotabasamu.

Dakika chache baadaye unakuja mfano mwingine wa kanuni hiyo. Vibarua weusi wanatandika reli juani. Msimamizi mzungu anawaamuru waimbe wimbo wa kazi, kama walivyokuwa wakiimba utumwani. Bart anaanza taratibu, wenzake wanaingia na sauti za pili na za tatu, na kinachotoka ni I Get a Kick Out of You, wimbo wa Cole Porter wa 1934, miaka 60 mbele ya kisa, umeimbwa kwa ustaarabu wa klabu ya usiku. Wasimamizi wanachanganyikiwa. Wanaanza kuwafundisha wimbo "sahihi", wanaruka na kukata viuno wao wenyewe, na vibarua wamesimama wanawatazama. Tazama Little anavyosimama wakati huo, mabega yametulia, uso hauna dharau ya wazi. Mwigizaji mwingine angekonyeza kamera. Yeye alitoka kwenye jukwaa la Broadway, alikuwa ameshinda tuzo ya Tony mwaka 1970 kwa mchezo wa Purlie, na alijua kwamba mwenye akili kuliko wote chumbani hahitaji kujitangaza.

Mara baada ya hapo Bart na mwenzake wanatumwa kwa kitoroli cha mkono wakapime ardhi, wanaanza kuzama mchangani, na Taggart anafika na kamba. Kamba inakwenda kwenye kitoroli, kwa kuwa kiliigharimu kampuni dola 400. Hakuna hotuba ya kueleza maana, na picha inaendelea.

Kipande ninachokirudia kuliko vyote ni mapokezi ya sherifu mpya. Mji umejipamba, bendi ipo tayari, wazee wamevaa suti. Juu ya paa kuna mzee mwenye darubini, Gabby Johnson, ambaye maneno yake hayaeleweki hata kwa Wamarekani. Anamwona Bart kwa mbali, anapiga kelele kutangaza rangi ya sherifu kwa tusi la kibaguzi wanaloitwa watu weusi, na kengele ya kanisa inalia juu ya neno lenyewe. Wa chini wanaulizana amesema nini, mmoja anawajibu kwamba sherifu yuko karibu ("near" kwa Kiingereza, sauti inayofanana na mwanzo wa lile tusi), bendi inaanza kupiga. Kisha Bart anaingia na bendi inakatika. Kuanzia hapo sikiliza ukimya. Kwato za farasi tu ndizo zinazosikika, na ngozi ya tandiko. Brooks anauacha ukimya huo urefuke kupita unavyotarajia, na hofu unayoihisi ni ya kweli.

Bunduki za mji mzima zinapomwelekea, Bart anatoa bastola yake, anaiweka shingoni mwake mwenyewe, na kujiteka nyara. Anatoa sauti mbili. Moja nzito ya mtekaji anayetishia kumuua huyo mtu mweusi endapo yeyote atasogea, nyingine nyembamba ya mateka anayeomba msaada. Wakazi wanaingia mtegoni, kuna mama anayetaka huyo mateka asaidiwe, na Bart anajiburuta mpaka ofisini akiwa mzima. Ujanja huo ni wa Sungura kabisa, na mtu aliyekua na ngano zetu atamtambua mara moja: mnyonge anayetumia ujinga wa mwenye nguvu kama ngao. Kwa maoni yangu hakuna kipande cha kauboi ya mzaha kilichopangwa vizuri kuliko hicho.

Wilder hakuwa chaguo la kwanza la nafasi yake. Aliyeanza kupiga picha alikuwa Gig Young, akaanguka siku ya kwanza ya kazi, na Wilder akaitwa haraka. Bart pia alikusudiwa kuwa Richard Pryor, mmoja wa waandishi watano wa mswada pamoja na Brooks, Andrew Bergman, Norman Steinberg na Alan Uger, lakini studio ikamkataa. Mabadiliko yote mawili yameisaidia picha. Little na Wilder wanazungumza polepole, kwa upole, huku kila mtu mwingine anapiga makelele, na utulivu wao ndio unaokupa pa kupumzika. Angalia mchezo wa sataranji selo: Bart anaweka mikono pande zote mbili za mfalme ili atangulie kumnyakua. Mkono wa Wilder hauonekani kusogea, na mfalme tayari yuko kiganjani mwa Wilder. Mbinu ni uhariri mtupu, haina gharama yoyote, na inatosha kukuaminisha kwamba mtu huyu ndiye mpigaji mwenye kasi kuliko wote duniani.

Sasa lile tusi. Linatamkwa mara nyingi sana, na anayenunua picha hii kwa ajili ya familia lazima alijue hilo kabla hajalipa. Marekani iliwekwa kundi la R, yaani walio chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima tu. Maoni yangu ni kwamba picha iko upande wa Bart kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaolitamka ni wajinga, na ujinga wao ndio unaochekwa. Kuna bibi mzee ambaye Bart anamsalimu vizuri asubuhi, na bibi anamjibu kwa tusi zito la kumkatisha tamaa. Baadaye, Bart alipokwisha kuuokoa mji na jitu linaloitwa Mongo, bibi huyo huyo anampelekea pai ya tofaa dirishani usiku, anaomba radhi, kisha anamsihi asimwambie mtu yeyote kwamba wamezungumza. Ubaguzi wa watu wa kawaida umeelezwa hapo kwa pumzi mbili. Hata hivyo, kusikia neno hilo kwa zaidi ya saa moja na nusu kunachosha, na asiyetaka kulisikia ana haki yake. HBO Max, huduma ya kuangalia filamu mtandaoni, ilipoirudisha mwaka 2020 iliweka utangulizi mfupi wa mwanazuoni wa filamu Jacqueline Stewart unaoeleza mazingira hayo, na naona lilikuwa jambo la busara.

Yasiyonifurahisha yapo. Wacheza dansi wa kiume wa sehemu ya mwisho wamechorwa kama mashoga wa kuchekwa tu, bila ule ujanja wa kumgeuzia kibao anayecheka. Mizaha ya kubaka wanawake midomoni mwa genge la Taggart haikustahili kubaki. Katibu wa gavana yuko pale kwa ajili ya nguo aliyovaa na basi. Picha inayojua kumtetea Bart kwa werevu namna ile ingeweza kufanya vizuri zaidi kwa hawa wengine.

Madeline Kahn anahitaji maelezo kidogo. Lili Von Shtupp wake ni nakala ya Marlene Dietrich katika Destry Rides Again ya 1939: mwimbaji wa baa, lafudhi ya Kijerumani, kiti, miguu na sauti ya chini. Kahn anaimba wimbo mzima wa mwanamke aliyechoshwa na wanaume, na anaimba chini kidogo ya noti, kwa makusudi, kwa usahihi unaohitaji mwimbaji aliyefundishwa hasa. Kahn alikuwa na sauti ya opera. Kuimba vibaya kwa kipimo kile ni kazi ngumu kuliko kuimba vizuri. Herufi r zote anazitamka kama w, kwa hiyo washa manukuu ya Kiingereza, la sivyo nusu ya mistari yake itakupita. Manukuu yatakusaidia pia kwa Gabby Johnson, ingawa yeye hata manukuu hayamuokoi.

Maharage. Kila kauboi ina moto wa usiku, sufuria la maharage na kahawa nyeusi, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata kauboi mmoja aliyejamba. Brooks alipiga kipande hicho kwa mtindo ule ule wa heshima: moto, nyota, wanaume wenye sahani za bati. Kisha mmoja anainuka kidogo upande, na kinachofuata kinapokezana kama bendi. Kilichokuwa cha ajabu mwaka 1974 ni sauti. Picha kubwa za Hollywood zilikuwa hazijawahi kuziachia. Televisheni ya Marekani ilipoionyesha ilivuruga sauti hizo, na kipande kikabaki wanaume wanaonyanyuka na kukaa bila sababu. Ukikutana na nakala ya namna hiyo, izime utafute nyingine. Waliokulia kauboi za Kitaliano watakumbuka Terence Hill akifuta sufuria zima la maharage katika picha ya kwanza ya Trinity mwaka 1970. Pale kichekesho ni ulafi. Brooks anachukua chakula kile kile na kuuliza kinaenda wapi.

Kuna marejeo ambayo yatampita mtazamaji asiye Mmarekani, na nimeona yakielezwa mapema picha inapanda daraja. Jina la Hedley Lamarr linachezea la Hedy Lamarr, nyota wa miaka ya 1940, na kila mtu analikosea. Gavana anamwambia asihuzunike, huu ni 1874, yeye ndiye atakayeweza kumshtaki huyo mwanamke. Hedy Lamarr wa kweli alishtaki, wakamalizana nje ya mahakama. Gavana mwenyewe anaitwa Le Petomane, jina la jukwaani la Joseph Pujol, Mfaransa aliyejipatia umaarufu Moulin Rouge miaka ya 1890 kwa kutoa upepo mbele ya watazamaji. Duka la aiskrimu la Howard Johnson lina ladha moja tu, na Wamarekani wanacheka kwa sababu mikahawa ya jina hilo ilijivunia ladha 28. Wakazi wanaposita, Bart anawaambia wangefanya hivyo kwa Randolph Scott. Wanavua kofia na kwaya isiyoonekana inaliimba jina hilo, kwa kuwa Scott alikuwa steringi wa kauboi nyingi kwa miongo kadhaa. Na chifu wa Wahindi Wekundu, Brooks tena, anazungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Hapo hakuna haja ya tafsiri: Hollywood ilikuwa imewapa Wahindi lugha yoyote iliyokuwa karibu kwa miaka mingi.

Kabla ya hii, angalia High Noon ya 1952. Ni dakika 85 tu. Katika ile, sherifu anaingia kanisani kuomba msaada na mji mzima unamkimbia. Brooks ana kanisa lake, mkutano wake na mji wake wa waoga, na ukiwa umeona ile ya kwanza utaona jinsi alivyoijua vizuri. Asiyejua kauboi yoyote bado atacheka Mongo anapompiga farasi ngumi moja akaanguka, au wahuni wanaposimama jangwani kwenye kizuizi cha kulipia barabara wakamtuma mwenzao arudi kutafuta senti kumi kumi, ilhali jangwa lote liko wazi kulia na kushoto. Lakini zile tabaka za chini hatazipata.

Mwisho unawagawa watu. Wakazi wamejenga mji wa bandia usiku mmoja ili kuwatega wahuni, baruti imelipuka, ngumi zinapigwa, kisha kamera inapanda juu na tunaona kwamba Rock Ridge iko ndani ya uwanja wa studio za Warner Bros. huko Burbank. Ngumi zinabomoa ukuta na kuingia seti ya jirani inayopigwa picha ya muziki, kisha mgahawa wa studio, kisha barabarani. Lamarr anakodi teksi akimwambia dereva amtoe kwenye picha hii. Wapo wanaosema Brooks alishindwa kumaliza kisa. Mimi sikubaliani. Adui ameshindwa tayari kabla ukuta haujavunjika, deni la kisa limelipwa, na picha iliyotumia saa nzima kuonyesha kwamba kauboi ni hadithi ya kutungwa inafungua mlango ili uone inakotungwa. Kasoro yangu kwa sehemu hiyo ni ndogo: ugomvi wa mgahawani unarefuka kuliko unavyohitaji.

Kuhusu nakala, tafuta ya skrini pana. Picha ilipigwa kwa lenzi za Panavision, upana mara 2.35 ya kimo. Zile kanda za zamani zilizojaza runinga ya mraba zilikata zaidi ya asilimia 40 ya upana, na hasara yake ni kubwa, kwa kuwa Brooks huweka kichekesho ukingoni: Bart anapanda farasi mbugani huku okestra inapiga, kamera inasogea pembeni, na kumbe Count Basie na bendi yake nzima wamekaa jangwani na piano. Kwenye runinga ya kisasa utaona mistari myeusi juu na chini, kila mmoja takriban asilimia 12 ya skrini. Iache. Ukibonyeza "zoom" ili kuiondoa unarudi kwenye hasara ile ile. Sauti ya asili ni ya mkondo mmoja (mono), kwa hiyo huhitaji spika kubwa.

DVD ya 2004, ya kutimiza miaka 30, ina vipande vilivyoachwa, filamu fupi ya utengenezaji, na Black Bart, kipindi cha majaribio cha televisheni cha 1975 ambamo Louis Gossett Jr. anaigiza Bart. Hicho cha mwisho ni dhaifu, ila kinafundisha: kina tandiko na bastola zile zile bila Brooks, na hakisimami. Mazungumzo ya Brooks yaliyowekwa juu ya picha yanakatika kabla picha haijaisha, yana kama dakika 55, usidhani diski imeharibika. Blu-ray ya 2014 ina picha safi zaidi na mahojiano mapya, nami naipendekeza kwa mwenye deki ya Blu-ray. Dunia imegawanywa kanda za DVD, na deki nyingi husoma diski za kanda yake tu: DVD ya Marekani ni ya kanda namba 1, wakati Afrika Mashariki iko kanda namba 5, kwa hiyo hakikisha deki yako inasoma kanda zote kabla ya kuagiza. Ukinunua mtandaoni kwa kupakua, angalia muda ulioandikwa. Ukikuta pungufu ya dakika 93 kwa dakika kadhaa, kuna mkono wa mtu umepita humo.